Rangi Tatu Kisimani

Mimi mdomo wangu hauna breki, na wiki ile niliutumia wote. Mjukuu wangu alikuwa wodini wiki ya pili, amekwisha, amebaki macho tu. Daktari alisema ni maji. Sasa maji yetu ni kisima kimoja, na kukizunguka tuko mafundi watatu: fundi ngozi, fundi gari, na mimi mtia rangi vitambaa. Kila mmoja ana shimo la kumwagia uchafu wa kazi yake.

Nilishamjua mchawi.

"Ni wewe na dawa zako za ngozi," nilimwambia fundi ngozi mbele ya watu. "Kupita kwako lazima mtu azibe pua."

"Na shimo lako, dada, linanukia marashi?"

Watu wakacheka. Mimi mjukuu ananifia, wao wanacheka.

Nikasema nikate mzizi wa fitina. Maji ya kunywa tulishaanza kuyafuata mtaa wa pili, basi nikagawa rangi: nyekundu kwa fundi ngozi, kijani kwa fundi gari, bluu kwangu, wasije wakasema nawaonea. Kila mtu amwage shimoni kwake, tuone kisimani itatokea ipi.

Siku ya tatu fundi gari akavuta ndoo. Maji yalikuwa bluu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamngoja fundi ngozi anicheke, maana mimi ningemcheka. Hakucheka.

"Shimo lako liko karibu tu, dada," akasema. "Rangi zetu ziko njiani."

Kweli, wiki haikuisha, ndoo ikatoka na wekundu, kisha na ukijani. Tukashika majembe, tukayafukia mashimo yote matatu kwa zamu, la fundi ngozi, langu, la fundi gari. Uchafu sasa tunautia kwenye mapipa. Lakini kisima hakisafiki kwa siku mbili, na yale mtoto aliyokwisha kuyanywa hayafukiwi.

Nikaenda mwenyewe wodini kumwambia binti yangu, mama wa mtoto, asije akayasikia kwa majirani.

"Ni sisi wote watatu, mwanangu. Ila rangi iliyotangulia kufika kisimani ni yangu."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, kama kila jioni, mama yake apumzike kidogo.

Akamhamishia bega la pili.

"Mwache, mama," akasema. "Leo mwache."