Jaketi la Nane

Saa moja na nusu asubuhi mwongozaji wa kayaki alisaini kitabu cha mahudhurio, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kugonga kabati la vifaa. Lilikuwa kabati la chuma, lina kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa meneja. Ndani mlikuwa na majaketi manane ya kuokolea, kila moja na filimbi yake, pamoja na begi la fataki za kuitia msaada na kamba ya kuvutia chombo kilichoshindwa. Havikuwa vikitoka. Chumvi ingevichakaza, na mkaguzi alitaka kuvikuta vipya. Wageni walikwenda baharini na kasia na kofia ya jua, basi.

“Wangapi leo?” iliuliza sauti kutoka ndani.

“Sita, na mimi.”

Alikuwa mdogo wake, mwongozaji pia, aliyezama mwaka jana upepo ulipogeuka, hana hata filimbi ya kupuliza. Tangu wiki ya pili baada ya mazishi alikuwa akishinda humo kabatini, kavaa jaketi, maji yakimchuruzika. Meneja hakuwa na neno naye, ila alilalamika kuwa analowesha sakafu, akaweka ndoo.

Marehemu alipitisha majaketi saba kwenye mlango uliofungwa, kisha begi. “Dada, fataki moja imepitwa na muda. Usiitegemee.”

Wageni walikuwa wameshavaa na kufunga vifungo meneja alipoingia na chai yake.

“Nanga,” alisema, maana ndivyo walivyomwita dada mtu. Akishakataa jambo hang'oki. “Rudisha. Mkaguzi yuko getini.”

“Sirudishi.”

“Nitakuandikia barua.”

“Andika, bosi. Mbili za mwanzo mama kazitia fremu.”

Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu asichafue sakafu, akavaa tena alipoona imelowa. Kabati likafunguliwa. Alimsalimia marehemu, akahesabu.

“Moja,” alisema. “Saba hayapo.”

“Yako kifuani mwa watu,” alisema Nanga. “Pale nje. Unayaona.”

“Fomu inauliza yaliyo kabatini.” Akaandika upungufu wa saba. Kisha akalishika jaketi la marehemu begani, akavuta mikanda, akatazama mshono. “Hili liko vizuri sana. Utadhani halijawahi kutumika.”

“Halijawahi,” alisema marehemu.

Mkaguzi akalitia alama ya vema. Akampongeza meneja kwa kutunza ufunguo mwenyewe, akaagiza kufuli la pili ili vifaa visipotee ovyo. Meneja akamtuma mtu dukani palepale.

Hasira ilimpanda Nanga. Alitaka kuangua kilio, akaona hiyo ni fadhila wasiyoistahili meneja wala mkaguzi. Akatoka.

Chini, ufukweni, wageni walikuwa wamekaa kwenye kayaki, kasia mapajani. Meneja alimfuata na barua ya tatu, wino haujakauka, akaanza kuisoma kwa sauti.

“Kabla hatujaondoka,” Nanga aliwaambia wageni, “tunajaribu filimbi. Kwa nguvu. Msiache mpaka niseme.”

Walipuliza zote sita. Midomo ya meneja iliendelea kufunguka na kufungika, ikafika aya ya pili, hakikusikika kitu. Nanga akashika ya kwake, akapuliza, akasukuma kayaki majini, wala hakuwaambia waache.