Kiti cha Avril

Simu ya ukutani ililia Thelma akiwa ameinamia oveni, pai zikimpulizia joto usoni. Alijifuta mikono kwenye aproni, akapokea.

"Baa ya Bega la Kondoo."

"Thelma, ni wewe? Avril hapa." Sauti ilikuja na upepo ndani yake. "Basi limetufia huku juu mlimani. Nimebahatika kupata kibanda cha simu. Mwambie Wilf waningoje, nitachelewa kama nusu saa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Usisahau, dada yangu. Leo ni fainali."

Asahau vipi? Kila Alhamisi Thelma aliwapikia wacheza dhumna wa baa ile pai na njegere za kupondwa, na kila Alhamisi, akipita na sahani, alimwona mumewe akimtazama Avril. Wenza wa upande mmoja huketi uso kwa uso, na kusemezana ni mwiko; basi macho ndiyo hufanya kazi. Wilf, ambaye nyumbani aliweza kumaliza birika zima la chai akiangalia ukuta, pale mezani alimtazama Avril, yule mjane, kama mtu aliyeingia ndani kutoka kwenye theluji akaukuta moto. Wivu ulimkaa Thelma kooni kama mwiba wa samaki. Hamezi, hatemi.

Alirudisha mkono wa simu mahali pake. Alipotokea ukumbini hakusema neno.

Wageni kutoka ng'ambo ya bonde walikuwa wameshaketi, glasi zao zimevimba povu.

"Mwenzako yuko wapi, Wilf?" alichokoza mmoja wao, Clegg, jitu la mashavu mekundu. "Amepata bwana mwingine nini?"

Watu walicheka. Wilf hakucheka. Alitazama mlango.

"Bila mtu wa pili mmeshindwa kabla ya kuanza," alisema Desmond, mwenye baa, huku akimimina bia. "Sheria ni sheria, ndugu yangu."

"Nitakaa mimi," Thelma alisema.

"Wewe?" Wilf alimgeukia. "Mke wangu, lini umecheza dhumna?"

"Nimeitazama miaka yote hii. Au mpaka awe yeye?"

Akavua aproni, akaketi kwenye kiti cha Avril. Kilikuwa na mto wa kufuma aliouleta Avril mwenyewe kutoka kwake. Thelma aliukalia kwa uzito wake wote.

Kete zikavurugwa. Akapanga zake, akainua uso, na hapo akayapata macho ya Wilf, yote, yake peke yake. Moyo ulimpiga kama wa msichana. Lakini mchezo ulivyoendelea aliona kwamba ndani ya macho yale hamkuwa na kile alichokihofia. Mlikuwa na hesabu. Yalishuka kwenye kete, yakapanda kwake, yakauliza: unayo tano? Unayo au huna? Ndivyo Wilf, fundi seremala, alivyotazama ubao kabla ya kuukata. Thelma hakujua kuyajibu. Hiki tu? alijiuliza. Miaka yote nimekosa usingizi kwa ajili ya hiki?

Akaweka sita-sita pabaya. Clegg alibamiza kete yake mezani hadi glasi zikaruka.

"Asante, mama! Kila wiki wakulete wewe!"

"Si neno," Wilf alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kama angefoka. Kila mlango ulipofunguka, Wilf aligeuka.

Walishindwa mchezo wa kwanza. Ndipo Avril akaingia, koti linachuruzika, viatu tope tupu.

"Avril! Mbona hukupiga simu, jamani?" Wilf alisimama. "Tungekungoja!"

Avril akamtazama Thelma, aliyekuwa bado juu ya mto wake. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akakikamua mkekani pale mlangoni.

"Kibanda cha simu kilikuwa kibovu," alisema. "Nimeshuka kwa miguu."

Afadhali angemzaba kofi. Thelma aliinuka, akampisha. Mchezo wa pili ukaanza. Vidole vya Avril vilikuwa vyekundu kwa baridi, kete zikimponyoka, na Wilf akamsogezea brandi yake mwenyewe huku akimtazama kwa macho yale yale ya fundi. Thelma aliokota aproni. Alifika mlango wa jikoni, akageuka.

"Alipiga." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilipokea mimi. Sikusema."

Clegg aliinamia bia yake.

Thelma aliingia jikoni, akatandaza sahani. Pai, njegere, mchuzi wa nanaa. Mchuzi ukamwagika mezani, akaupangusa, ukamwagika tena.

"Zamu yako, Wilf," alisikia Clegg akisema ukumbini. Halafu: "Wilf, wee! Zamu yako, bwana!"

Kiti kikaburuzwa. Wilf hakuwahi kuinuka katikati ya mchezo, hata usiku ule bomba lilipopasuka nyumbani kwao na jirani akaja mbio kumwita. Viatu vyake vizito vikazunguka kaunta, vikashika ujia, vikasimama nyuma yake.

Thelma hakugeuka. Alichota njegere, akajaza sahani moja, kisha ya pili, akisikia pumzi ya mumewe juu ya kisogo chake.