Diski ya Singo ya Najma

Kompyuta yangu ni ya mezani, kongwe, na sehemu yake ya kuingizia diski haijafunguka tangu niinunue. Sijawahi kuisikitikia. Siku hizi nani anahangaika na diski? Anayehangaika nazo ni bibi yangu, Bi Chausiku wa Kimbiji, na Bibi akihangaika ukoo mzima unahangaika.

Mdogo wangu Najma alipoolewa, Bibi alikuwa kitandani, nyonga imevunjika. Yeye ndiye aliyemlea Najma, na ndiye somo aliyewafunda wanawake wote wa ukoo wetu. Singo, ngoma ya wanawake ambayo mwali anasingwa mwili na kufundwa, ikachezwa Mtoni bila yeye. Tuliweka mpiga video mwanamke, wanaume wakafukuzwa mpaka barabarani, mitandio ikatupwa kando, na watu wazima na heshima zao wakacheza mpaka kanga zikaloa jasho. Bibi aliposikia kuna video akatoa amri: anataka kuiona kabla hajafa, na mwanamume yeyote asiione.

Kwenye simu alikataa, alisema watu wanaonekana sisimizi. Televisheni yake imeungwa na deki ya zamani isiyo na tundu la flashi. Inakula diski tu. Pale Tandika wapo vijana wanaochoma CD, wangenimalizia kazi upesi. Lakini vijana wale wakichoma watatazama, na wakitazama watanakili, na shangazi zangu wangeonekana wakikata viuno kwenye simu za Temeke nzima. Kwa hiyo diski ilibidi niichome mwenyewe, nyumbani kwangu, na kwa hilo nilihitaji drive, ile mashine ya kuingizia diski.

"Unataka ya kusoma au ya kuandika?" aliniuliza Gozbert, muuza vifaa vya kompyuta vya mtumba. Nilikuwa nimeshaikamata ya bei ya chini kuliko zote, tayari kwa kulipa.

"Kwani kuna tofauti?"

Akanitoa ile drive mkononi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Hii inasoma tu, sista. Ya kuchoma inaandikwa RW hapa usoni. Ungeenda nayo nyumbani ungenitukana."

Niliona haya, halafu haya ikageuka hamu ya kujua. Nikavuta kigoda. Nikamwonyesha nyingine, mpya, nyembamba, inayochomekwa kwa nje.

"Hii je? Nzuri, nyepesi. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani."

"Nzuri kwa laptop mpya. Kompyuta yako ya zamani? Haitaipa umeme wa kutosha. Itaanza vizuri, ikifika katikati inakata, na diski ikikatikia njiani ndiyo basi tena."

Ya tatu ilikuwa nene, imechubuka, imetolewa kwenye laptop iliyokufa ikavalishwa kasha. Waya wake una vichwa viwili. Nikauliza kwa nini viwili. Kumbe kimoja kinapitisha kazi na umeme, cha pili kinaongeza umeme tu. Nikauliza hicho kinachochoma kiko wapi. Akafungua kitrei akanionyesha kijicho cha kioo, kidogo kama punje ya mtama, akasema mwanga unatokea hapo. Nikaendelea kuuliza mpaka wateja wengine wakaanza kununa, na sikuwajali. Shule nilifundishwa kuwa mwanga unaangaza. Hakuna aliyeniambia kuwa unaandika pia.

"Tuijaribu," alisema Gozbert. "Lete hiyo video yako."

"Thubutu! Hii ni ya singo, haitazamwi. Jaribu na ya kwako."

Akachoma nyimbo za kwaya ya kanisani kwao, zikaimba bila kukwama. Bei yake niliimudu. Nikaondoka nayo nikijiona fundi.

Ufundi wenyewe uliishia sebuleni. Nilinakili video kwenye diski kama watu wanavyonakili kwenye flashi, nikaazima deki kwa jirani. Ikaisokota ile diski, ikakohoa, ikaandika kwamba haiitambui. Nikampigia Gozbert kwa hasira.

"Umeweka mchele mbichi kwenye sahani," alinijibu. "Deki za zamani zinataka wali uliopikwa. Lazima uichome kama diski ya video, siyo faili. Nije?"

"Njoo. Lakini hutazami."

Alikuja, mlango ukaachwa wazi kwa heshima, nikamkalisha kwenye kiti uso ukielekea ukutani. Mimi nikasoma yaliyoandikwa kwenye kioo, yeye akaniongoza.

"Umepaona palipoandikwa video? Bonyeza. Sauti umezima?"

"Nimezima."

"Mbona nasikia vigelegele?"

Nikazima kweli sasa. Tukasubiri kompyuta ipike wali wake, na haikuwa na haraka.

"Lakini sista," alisema, "mie mtu mzima, nimeoa. Humo ndani huwa wanafundishwa nini hasa?"

"Kamuulize mkeo."

"Mke wangu wa Bukoba."

"Basi na kwao wana ya kwao. Kaulize."

Akacheka na ukuta. Hakugeuka hata mara moja, na kwa hilo nilimpenda kama ndugu yangu.

Nikaenda Kimbiji. Bibi akaamuru madirisha yafungwe na wajomba waende wakanunue samaki, hata kama hawana shida na samaki. Diski ikakubali. Bibi alimtazama Najma akisingwa, akawa anamwita jina kana kwamba ataitika. Mara moja akaniambia nirudishe nyuma. Akatazama tena, akatikisa kichwa. Ilipoisha, akaomba nimpe ile diski. Nikadhani anataka kuiweka chini ya mto. Akaivunja vipande viwili.

"Bibi! Unajua nilivyohangaika?"

"Najua. Ahsante, mwanangu. Nimemwona Najma wangu, roho yangu imetulia. Lakini mie nikifa, deki hii watarithi wajomba zako. Wataibonyeza waone ndani mna nini." Akanikabidhi vipande. "Na iliyobaki kwenye mashine yako ukaifute."

Nilinuna. Nilijua anasema kweli, na bado nilinuna.

"Halafu mmeruka mahali," akasema. "Pale mwali anapoinuliwa. Shangazi zako hawapajui. Niliwafundisha wakiwa wasichana, wamesahau. Pale nilikuwaga napaongoza mwenyewe kila singo, nikijua nitakuwepo. Sasa siendi tena popote, Farida."

Alisema hivyo kwa sauti kavu. Aliyelia ni mimi.

Bibi akajivuta mpaka akaegemea ukuta, maumivu yakimkunja uso, akapiga makofi ya kuanzia ngoma.

"Simama," akasema. "Kwenye mashine hapakai. Patakaa kwako."

Nikafuta uso kwa kanga, nikasimama.