Futikamba Yenye Adabu

Mbio zilipokwisha, Mwanatatu aliliingiza gari lake katika boma la mabati na waya, akazima injini na kuuning'iniza ufunguo kwenye msumari ukutani, kama sheria ilivyotaka. Kisha akavua kofia ngumu, akaketi juu ya debe lililopinduliwa na kula viazi karai. Vumbi la uwanja wa Chaani lilikuwa limemganda mpaka kwenye nyusi. Nyuma ya ukuta malori ya mafuta yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, na madereva wake walikuwa wakipiga honi bila haraka, basi tu, kujikumbusha kwamba wako macho.

Alikuwa amefika wa kwanza. Hilo halikuwa na ubishi, kwa sababu alipovuka mstari, Jafar aliyekuwa nyuma yake alikuwa bado anapigana na kona ya mwisho. Lakini mbio za Chaani haziishii mstarini. Zinaishia bomani, ambapo Elkana, mkaguzi wa chama, huupima upana wa matairi ya magari matatu ya mbele, na mshindi hujulikana baada ya hapo. Mwaka huo, kabla ya siku hiyo, Mwanatatu alikuwa ameshinda mstarini mara mbili, na mara zote mbili akashindwa bomani. Sheria ilisema dereva akifutwa mara ya tatu, basi, hakimbii tena katika uwanja wowote wa chama. Maisha.

Na jamani, mwanamke huyu hakuwa na starehe nyingine. Juma zima aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika bohari moja huko Changamwe, mwendo wa kutambaa, mbele hatua tatu, nyuma hatua tatu, king'ora kikilia kila akirudi nyuma. Jumapili ndiyo siku aliyokanyaga mafuta. Gari lenyewe, kijigari kikuukuu ambacho watu wa Likoni walikuwa wakikicheka, lilitengenezwa na kaka yake Kombe nyuma ya nyumba yao, kipande kwa kipande. Kombe alikuwa amesimama nje ya boma, vidole vyake vimeshika waya wa uzio. Mafundi hawaruhusiwi kuingia.

Sasa, ile futikamba ya Elkana. Ilikuwa ya chuma, ya kawaida tu, yenye kifuko cha manjano na muhuri wa ukaguzi. Ila ilikuwa na adabu. Ilipofika kwa mtu mwenye jina, inchi zake zilijinyoosha, kila moja ikajipa nafasi, na tairi pana likasomeka jembamba. Ilipofika kwa mtu wa hivihivi, inchi zilibanana, zikasongamana, na tairi jembamba likasomeka pana. Watu wa chama walilizoea jambo hilo kama walivyolizoea joto la Februari. Kuna mwaka Elkana aliomba nyingine, akaletewa mpya kutoka dukani, na siku ya kwanza ikawapima watu wote sawasawa. Zogo la siku hiyo halisemeki. Jioni wakaiweka katika mtoto wa meza pamoja na ile kuukuu, na mbio zilizofuata ilikuwa imeshafunzwa.

Kuna dereva aliyewahi kulalamika. Mwenyekiti wa chama, Mzee Suleiman, mtu mpole, kanzu yake daima imepigwa pasi, alimuuliza kwa upole, "Kwa hivyo wewe wataka chombo kisicho na heshima?" Yule dereva akaona haya. Na kweli, ni nani atakayesimama mbele za watu aseme anataka kukosewa heshima? Habari ikaishia hapo.

Elkana alianza na gari la Jafar. Ndiyo desturi. Babake Jafar ana yadi ya malori, na uzio wa uwanja huo ni yeye aliyeujenga, kwa hivyo hakuna aliyeuliza kwa nini wa pili apimwe kabla ya wa kwanza. Matairi ya Jafar yalikuwa yametokeza nje ya madigadi kiasi kwamba kuku angeweza kutua juu yake na kulala. Elkana akachutama, akaivuta futikamba.

"Inchi saba na nusu," akasema.

Kiwango cha juu kilikuwa inchi nane. Gari lililofika la tatu nalo likapita bila maneno. Kisha akaja kwa Mwanatatu.

"Shikamoo, kaka Elkana," Mwanatatu alisema, akainuka kwenye debe.

"Marahaba, dada." Elkana alikuwa mtu wa bara, miaka mingi Changamwe, na uso wake ulikuwa umechoka kabla ya kazi. Aliipitisha futikamba juu ya tairi, akaitazama, akakohoa. "Nane na robo."

"Pima tena."

Akapima tena. Futikamba haikupenda kurudishwa. "Nane na robo tatu," Elkana akasema. "Dada, tusiendelee. Tukiendelea itafika tisa."

"Wallahi nimeyapima asubuhi hii hii!" Kombe alipiga ukelele kutoka kwenye uzio. "Saba na nusu! Yote manne!"

Jafar alikuja na chupa ya maji baridi, akampa Mwanatatu. Hakuwa mtu mbaya, Jafar. "Pole, dada," akamwambia. "Umeendesha vizuri sana leo. Lakini sheria ndiyo sheria, tutafanyaje?"

Mwanatatu akayapokea maji, akayanywa, akasema anakata rufaa.

Kamati ilikuwa imeketi chini ya hema, ikinywa chai. Mzee Suleiman alimpokea vizuri, akaulizia hali ya mamake, akaulizia Likoni, akamwonyesha kiti. Mwanatatu akasema atasimama. Alikuwa na hofu, kwa sababu alijua kwamba akitoka hapo bila gari lake kuhesabiwa, kilichobaki ni king'ora cha bohari mpaka uzeeni.

"Mzee, naomba Elkana aulizwe kitu kimoja," akasema. "Aulizwe macho yake yanaona nini."

Kamati ikamgeukia Elkana. Elkana akaenda, akainama kwenye matairi ya Mwanatatu, akainuka, akaenda kuinama kwenye matairi ya Jafar, akarudi.

"Yanaona ya Jafar ni mapana zaidi," akasema. "Tena kwa mbali."

"Tumekusikia, Elkana, na tunakushukuru," akasema Mzee Suleiman. "Lakini futikamba ina muhuri. Macho yako nani aliyeyapiga muhuri?"

Elkana alisimama pale akiibonyeza futikamba mfukoni, ikatoka kidogo na kurudi. Mwishowe akasema kuna njia moja. Tairi la Mwanatatu lifungwe kwenye gari la Jafar, lipimwe huko. Tairi ni lilelile, futikamba ni ileile. Vikija vipimo viwili tofauti, kila mtu atakuwa ameona.

Kamati ikaona ni shauri zuri, tena la haki. Chai ikawekwa chini. Kombe akaruhusiwa kuingia bomani kwa dharura, akaja na jeki na spana, akafungua tairi la mbele la kulia la dada yake na kulifunga kwenye gari la Jafar. Kwa haraka akaangusha nati mbili. Watu wakasogea. Elkana akachutama.

"Saba na nusu," akasema.

"Rudisha kwa mwenyewe," akasema Mzee Suleiman.

Kombe akalifungua, akalirudisha. Elkana akapima.

"Nane na robo tatu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeguna. Kombe alikuwa ameketi chini vumbini, ameshika spana, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo nzima. Kamati ikarudi chini ya hema, ikanong'ona, na haikuchukua muda.

"Tumeona sote," Mzee Suleiman akaanza. "Tairi likiwa kwa Jafar halina kosa. Ama siyo?"

"Ndiyo," akasema Mwanatatu.

"Futikamba pia haina kosa, kwa sababu imelipitisha tairi lako bila kinyongo chochote. Ingekuwa na ubaya na wewe, ingelikataa hata kule."

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Kwa hivyo kosa si la tairi, na si la futikamba. Linatokea tairi linapokuwa kwenye gari hili. Na gari hili ni la nani?"

Mwanatatu alimtazama. Alitazama kamati nzima, mmoja mmoja, na wote walikuwa wakimtazama kwa huruma ya kweli, kama watu waliokuja kuhani msiba. Hakuna aliyekuwa akimcheka. Hilo ndilo lililomkata maini. Laiti mmoja wao angecheka, angejua pa kumtupia hasira.

"Ni langu," akasema.

"Basi, mwanangu. Haya mambo yana mwisho wake."

Elkana akaitia sahihi karatasi ya kumfuta. Akamfuata Mwanatatu mpaka kwenye gari, akasimama kando ya mlango, akawa hana la kufanya na mikono yake.

"Pole sana," akasema. "Nimejaribu."

"Najua. Si wewe, ni hiyo futikamba."

"Hapana," akasema Elkana. "Mimi ndiye ninayeishika."

Mwanatatu alimwitikia kwa kichwa, akautungua ufunguo msumarini, akaliwasha gari. Jafar alikuwa akipigwa picha na kikombe. Alimpungia mkono, na Mwanatatu naye akampungia, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa.

Walipita njia ya Dongo Kundu, yeye na Kombe. Kabla ya daraja, gari likaanza kukwaruza. Mwanzo ilikuwa sauti ndogo upande wa kulia, kisha kushoto, kisha magurudumu yote, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Waliposimama, Kombe alishuka na kuinama. Matairi yalikuwa yanasuguana na madigadi. Asubuhi, kwenye barabara hiyo hiyo, kidole kizima kilipita katikati. Wakaendelea pole pole, malori yakiwapita, mpaka Likoni.

Nyumbani Kombe akaitoa futi yake ya mbao, ile aliyopimia asubuhi, ambayo haikuwa na muhuri wala haikumjua mtu. Akapima tairi la kwanza. Akaifuta futi kwa shati, akapima tena. Akaipima kwa futi hiyo shibiri ya mkono wake, ikaja ileile ya siku zote. Kisha akayapima matairi matatu yaliyobaki.

"Nane na robo tatu," akasema.

"Yote?"

"Yote."

"Asubuhi yalikuwa saba na nusu."

"Yalikuwa." Kombe aliiweka futi chini. "Wamesema yamezidi, Mwanatatu. Sasa yamezidi kweli."

Baadaye ilisikika kwamba matairi ya Jafar hayakupungua hata unywele. Ya wakubwa huachwa yalivyo.

Mwanatatu aliketi kizingitini akiyatazama. Njia nzima alikuwa amejishika na jambo moja, kwamba kwao, nyuma ya nyumba, kulikuwa na futi ya mbao inayojua ukweli, na angeweza kuitoa amwonyeshe mtu yeyote. Sasa hilo nalo halikuwepo. Alichoka. Alichoka hata kuvua viatu ikawa kazi.

Majirani walikuwa wameshapata habari kwenye simu. Wengine walipita wakainama kidogo kuyaangalia matairi, wakasema loh, wakaenda zao. Ilikuwa kweli ukiyatazama, yametokeza nje ya madigadi, hata mtoto mdogo angeyaona.

Baada ya sala ya Magharibi mama yao, Bi Zuleikha, akatoka nje na leso yake begani. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi. Alilizunguka gari mara moja, akaja kusimama mbele ya binti yake.

"Mwanatatu."

"Abee, mama."

"Watu wanasema umeshinda kwa hila. Wanasema matairi yako yalizidi. Ni kweli?"

Kombe akafungua mdomo, lakini swali halikuwa lake. Mwanatatu aliunyoosha mkono akaligusa tairi lililokuwa karibu. Bado lilikuwa na joto. Hakuwa amewahi kumwambia mamake uongo, na hakujua aanze vipi kumwambia jambo ambalo hata macho yake mwenyewe yanalikataa.

"Ni kweli, mama," akasema. "Yamezidi."

Ilimuuma Bi Zuleikha, hilo lilionekana wazi, lakini hakupandisha sauti.

"Basi kesho ukitoka kazini upite Chaani," akasema, "ukawaombe radhi."

Mwanatatu akasema inshallah, akaingia ndani kuoga.