Futi Nane za Ukavu

"Upande wako ni mkavu kuliko wangu, Taslima, usinifanye kipofu. Nimepima kwa shubiri zangu mwenyewe."

"Shubiri zako zimevimba kwa baridi, dada. Njoo upime kwa zangu, uone nani anayepunjwa."

Hajra alikuwa ametoa kichwa kwenye nusu yake ya dirisha, na Taslima kwenye nusu yake, kwa hiyo vichwa vyao vilikaribiana kama vya watu wanaonong'onezana. Walikuwa wanapiga kelele. Waliolewa na ndugu wawili, Hajra na mkubwa, Ahad, Taslima na mdogo, Manzur, na kilichowafanya majirani ni ukuta wa mbao tu. Marehemu mzee Sultan aliacha nyumba moja pale Sopore, mji wa Kashmir, ya ghorofa moja na madirisha matano juu. Wanawe walipogawana, fundi alipigilia mbao katikati kabisa, zikaangukia dirisha la tatu na kulipasua pande mbili. Kila mke akawa na madirisha mawili na nusu, na tangu siku hiyo kila mmoja aliamini nusu ya mwenzake ndiyo kubwa.

Ilikuwa siku ya tatu ya dhoruba. Theluji ilifika kiunoni uani, umeme ulikatika, maji yaliganda ndani ya mabomba, na mapaa yote ya mtaa yalibeba mzigo mnene kama magodoro matatu yaliyopandana. Paa la mzee Sultan nalo lilibeba, isipokuwa juu ya dirisha la tatu. Pale mabati yalikuwa makavu. Ukavu ulishuka ukutani, ukavuka ua kwa upana uleule mpaka langoni, na udongo wake ukawa unatimua vumbi ukikanyagwa. Theluji ilikuja mpaka ukingoni, ikageuka, kama mtu aliyekosea nyumba.

Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyeuliza. Ugomvi ulikuwa pale pakavu ni pa nani.

Ndani, kila familia iliishi chumba kimoja, miguu yote chini ya blanketi moja, kila mtu na kangri yake, kile chungu cha makaa kilichosukiwa fito, kimefichwa ndani ya kanzu ya sufu. Walikula biringanya zilizokaushwa tangu kiangazi. Kupitia nyufa za mbao Hajra aliwasikia kina Taslima wakicheka, akajua wanacheka kwa sababu wamepata joto zaidi. Akanusa kitunguu kinakaangwa, akajua ni kwa ajili yake, ili aumie. Upande wa pili Taslima alimsikia Hajra amenyamaza, akajua ananyamaza kwa sababu ana kitu anakula.

Taslima alianika nepi kwenye pakavu. Saa moja baadaye Hajra akaanika zulia juu ya nepi. Taslima akaanika godoro juu ya zulia. Mpaka adhuhuri pale pakavu palikuwa na kichuguu cha vitu ambavyo havikuwa vimelowa tangu mwanzo.

"Pandeni juu mkasawazishe," Hajra aliwaambia wanaume. "Mungu akipendelea, mwanadamu arekebishe."

Ndugu wawili wakapanda na sepetu za mbao, kila mmoja upande wake, wakawa wanaitupa theluji kwenye ule ukanda mkavu. Theluji haikukaa. Kila sepetu iliyotupwa ilirudi ilikotoka ikiwa imeongezeka, na alama ya sepetu bado iko juu yake. Ahad ni mchapakazi, kwa hiyo kufikia saa nane theluji ya paa lake ilikuwa imepanda maradufu na kenchi zilizolibeba zikaanza kulia. Manzur ni mvivu, alitupa mara tatu akakaa kuvuta sigara, na paa lake likabaki vilevile. Hajra aliliona hilo, akaliweka moyoni pamoja na mengine.

Maduka yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo mtaa mzima ulihamia ua wa mzee Sultan. Watu walikuja na vikombe vyao vya chai ya chumvi, wakasimama pale pakavu katika safu ndefu, kama foleni ya mkate.

"Manzur, mwanangu," alisema Bi Mukhta wa nyumba ya pili, mwanamke asiyepitwa na msiba wala harusi, "leo mmekuwa kitega uchumi. Mngetoza kiingilio."

"Wewe ungeingia bure, bibi, kwa ajili ya ulimi."

"Ulimi wangu umeshalipa madeni yake. Samad, hebu pima, tuondoke na jibu. Hawa wake watatoana macho."

Samad seremala ndiye aliyepigilia zile mbao. Alitoa futikamba mfukoni, akapima nyumba kutoka kona hadi kona, kisha akapima pakavu. Akapima tena.

"Nyumba, futi arobaini," alisema. "Pakavu, futi nane. Nne kwa Ahad, nne kwa Manzur. Hata unywele haujazidi."

Wake wawili hawakuridhika. Hajra alisema futikamba imelegea. Taslima alisema Samad aliwahi kula chakula kwa Hajra.

Bi Mukhta alikuwa akihesabu kwa vidole. "Nane katika arobaini ni moja katika tano," alisema. "Wana wawili, binti mmoja. Wa kiume mafungu mawili, huyu naye mawili, wa kike moja. Sikwenda shule, lakini mirathi naijua."

Manzur alisema chai imepoa. Imamu, aliyekuwa wa tatu katika safu, alisema mambo haya pengine hutokana na upepo. Kila aliyekuwapo aliinua macho kuelekea paa la nyumba yake, akaona limejaa theluji kona zote, akamshukuru Mungu.

Binti wa mzee Sultan aliitwa Zuni. Siku ya nne ya msiba wa baba yake, wakati wageni bado wanakunja majamvi, kaka zake walimwekea karatasi na wino. Hawakumlazimisha, na hakuna binti wa Sopore anayelazimishwa. Ahad alimwambia tu kile ambacho kila kaka humwambia kila dada: "Ukichukua fungu, utakuwa na nyumba lakini hutakuwa na kwenu. Ukiliacha, mlango huu ni wako mpaka ufe." Zuni akaweka dole gumba. Chumba chenye dirisha la tatu kilikuwa chake tangu utoto. Wiki ileile kikapigiliwa mbao katikati, na mlango wa zamani uliokuwa chini yake ukazibwa kwa matofali, kila ndugu akatoboa mlango wake pembeni.

Zuni aliingia langoni alasiri ile. Alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, theluji imemjaa mabegani na kichwani. Alipokanyaga pakavu ilimwacha, ikabaki nje ya lango. Watu wakampisha.

"Kaka Ahad. Kaka Manzur. Paa la nilipopanga lilianguka jana," alisema. Alikuwa mjane, na hakuwa na kitu mkononi zaidi ya kangri. "Nataka chumba changu cha katikati mpaka theluji iishe. Toeni zile mbao nilale."

Ahad alimtazama Manzur. Manzur alimtazama Ahad.

"Mimi nusu yangu naitoa hata sasa hivi," alisema Ahad. "Manzur akitoa yake kwanza."

"Mimi moyoni nilishatoa. Namsubiri mkubwa atangulie."

"Atangulie nani?" Hajra alidakia kutoka dirishani. "Ili kesho mtaa useme Taslima ndiye mwenye huruma, na mimi ndiye niliyekosa chumba? Atoe yeye!"

"Nitoe mimi, wewe ubaki na yako uanikie mazulia? Dada, umenionaje?"

"Basi toeni wote kwa pamoja," alisema Zuni. "Samad huyu hapa, na nyundo anayo."

Samad aliitazama nyundo yake. Ahad alishusha sauti.

"Zuni, na lile dole gumba? Tukianza kuzifungua karatasi, hakuna nyumba hapa itakayobaki na paa."

Watu walichungulia ndani ya vikombe vyao. Bi Mukhta alikuwa na kaka watatu na dole gumba lake mwenyewe kwenye karatasi yao, akakung'uta kikombe chake. Baada ya hapo kila mmoja akakumbuka kitu alichokiacha motoni, na ua ukabaki mtupu.

Theluji ilianza upya, vipande vikubwa visivyo na sauti. Ilianguka kushoto kwa Zuni na kulia kwake. Alisimama mbele ya matofali yaliyokuwa mlango, kwenye futi zile nane, na juu yake hapakuanguka hata chembe. Ndani, kenchi za Ahad zililia tena. Mtaa ulikuwa umeshaanza kusema kwamba atakayemkalisha Zuni jamvini kwake paa lake litapona, na neno hilo lilikuwa limepita madirisha yote mawili na nusu ya kila upande.

Mlango wa pembeni ukafunguka, mvuke ukatoka, na Hajra akatoa uso wake wa sikukuu.

"Wifi! Unasimama nje kwani wewe mgeni? Ingia ule. Bokoboko liko motoni tangu alfajiri, nyama ya kondoo imelainika, haidai meno."

Mlango wa upande wa pili ukafunguka kwa kishindo.

"La huko ni maji matupu, wifi, usijiponze! Ingia huku kwangu. Mimi nimemwagia na samli, na mto wa kuegemea nimeshakuwekea."

"Anakuita kwa sababu ameniona mimi nimekuita!"

"Na wewe uliniona natwanga!"

Zuni aliupandisha mkono wake juu ya kangri, makaa yalikuwa yanakaribia kuisha. Akautazama mlango mmoja, kisha mwingine.

"Na nikishashiba?" aliuliza.

Wake wawili walitazamana kupitia theluji. Halafu wakamjibu kwa pamoja, na ilikuwa mara yao ya kwanza mwaka ule kukubaliana neno lolote:

"Ingia ule kwanza."