Kiti cha Wageni

Callixte, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikaza mikanda ya kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu misuli yake ianze kulegea, Cyiza akakaa wima. Pedi mbili za ubavuni za kiti kipya zilishikilia uti wa mgongo uliokuwa umepinda hadi ukalibana pafu. Murekatete, mama yake, akashtuka. Ile filimbi ya pumzi ya mwanawe iliyomfuata hadi sokoni, hata alipomwacha mtoto nyumbani, ilikuwa imenyamaza.

"Mama, naona ziwa," Cyiza alisema.

Wageni wa mradi uliofadhili kiti hicho walipiga picha, wakapanda magari yao. Hata vumbi halijatulia, Mugabo, mkuu wa kituo cha afya, akaamuru kiti kipakiwe garini.

"Sasa donc mutoto atakaa wapi?" Murekatete aliuliza.

"Hiki ni cha maonyesho, mama. Kesho wageni wanatembelea kituo kingine."

"Lakini amepumua, mukubwa. We mwenyewe umesikia."

"Viti vya watoto vinashughulikiwa. Tuwe na subira."

"Jirani yangu Mukasine mulimuambia vile vile. Mutoto wake tukamuzika."

Mugabo aliitazama simu yake. "Callixte, mwonyeshe mazoezi ya nyumbani."

Callixte alipiga magoti kwenye mkeka. Akamwonyesha namna ya kunyoosha nyonga polepole, na kumlaza mtoto ubavu, akiegemezwa kwa kitambaa kilichoviringishwa. Mugabo alipotoka na mlango ukafungwa, Callixte alishusha sauti.

"Mama Cyiza, mazoezi hayatanyoosha mugongo. Yanamusaidia tu viungo visikakamae. Kukaa wima ndiyo kunafungua kifua."

"Na kiti hakiko."

Callixte akaukunja mkeka.

Nyumbani kwake, huko Nyamyumba, Murekatete alijaribu kumwegemeza mtoto kwa magunia, akajaribu beseni lililojazwa nguo. Kila mara mtoto aliinama upande mmoja kama mgomba uliokatwa. Mwishowe akakaa chini mwenyewe, mgongo ukutani, akamweka Cyiza katikati ya mapaja yake, akabana mbavu kwa viganja pale pedi zilipobana.

Asubuhi, akiwa bado amemshika, wenzake wanaovuka mpaka kuuza Goma walimwita barabarani. Hakumwachia mtoto. Wakaita tena, kisha sauti zao zikateremka kuelekea mpakani. Nyanya alizokusudia kuuza zilikuwa mlangoni, zimeanza kutoa maji.

Viganja vikaanza kuteleza; akavirudisha mbavuni.

"Mama," Cyiza aliuliza, taratibu, bila hofu, "we ukichoka, nani atanishika?"

Murekatete alikaza visigino kwenye sakafu ya udongo, akamvuta mtoto karibu zaidi, ili asigeuke kuuona uso wake.