Upande wa Makapi

Upepo wa Singida haumwogopi mgeni wala mwenyeji. Alasiri ile ulivuma kutoka ziwani, ukakata uwanja wa chuo, ukawa unarusha vumbi na ushungi wa wasichana waliokaa juu ya mawe kutazama mpira wa kikapu. Selina alikuwa ameinama anafunga kamba za raba zake alipoona viatu vya Kocha Calist vimesimama mbele yake. Akajua hakujaja heri.

"Selina."

"Abee, kocha."

"Mwaka jana nilikuvumilia, ulikuwa mgeni. Sasa uko mwaka wa pili. Unakimbia vizuri, unakaba vizuri, lakini kikapu unakiogopa kama kina nyoka. Leo usipofunga, kwenye mashindano ya Dodoma jezi yako anakwenda nayo Mwanabaraka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kocha."

Mwanabaraka, binti wa mwaka wa kwanza, mrefu wa kuinama mlangoni, alikuwa benchi hapo hapo na masikio yake. Akacheka. "Dada Selina, usiitie jasho sana hiyo jezi. Mwenzio kufua sipendi."

Selina akakaza kamba za raba. Mwaka wa kwanza alikuwa akipewa mpira anautoa mbio kama kaa la moto, anampa nahodha wao, Hanifa. Na siku akijitia moyo wa kutupa, alitupa kutoka mbali, roho juu, upepo ukaudaka mpira ukaenda nao, na mabweni yote yakampigia kelele: "Hicho chakula cha kunguru!"

Likizo ndefu alirudi kwao Misigiri na mpira wa chuo uliochubuka mpaka hauna rangi. Kaka yake Noel akamchomelea pete ya chuma na kuipigilia, pamoja na kipande cha ubao, kwenye nguzo kando ya uwanja wa kupuria. Ila ulikuwa wakati wa kupepeta uwele, na mama yao hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Upepo ukivuma, ungo mkononi," alisema. "Upepo ukilala, nenda kwenye kichaa chako."

Basi ikawa hivyo. Upepo ukikata, wapepetaji waliketi, ungo magotini, wanalaani. Selina alikimbilia nguzoni. Nafasi ya kutupa kutoka mbali haikuwepo; alisogea karibu, akagongesha mpira kwenye ubao, ukashuka, akarudia. Mara mama anaita, "Selina! Upepo umeamka!" Baada ya wiki kadhaa hakungoja kuitwa. Mabua ya mtama yaliyoegeshwa uani yalianza kunong'ona kabla upepo haujafika, na mikono yake ilisisimka. Tena aligundua jambo jingine kwa maumivu: mpira ukikosa wakati upepo unaamka, unakwenda kule kule yanakokwenda makapi, na huko kulikuwa na ua wa miiba. Alichomwa mpaka akachoka. Akajizoeza kuuwahi kabla ya miiba.

Sasa hapa uwanjani hapakuwa na uwele, lakini upepo ulikuwa ule ule.

Filimbi ikalia. Wachezaji wa chuo cha jirani walikuja wakimkumbuka Selina wa mwaka jana. Mlinzi wao, Agripina, binti wa mabega mapana, aliwaambia wenzake kwa sauti ili naye asikie, "Huyo mwacheni. Huyo ni mapambo."

Wakamwacha kweli, wote wakamzonga Hanifa. Hanifa akamrushia Selina mpira, mkono tayari umenyooshwa kuudai tena, kama desturi. Selina hakuurudisha. Aliingia nao mpaka chini ya kikapu, akaugongesha ubaoni, ukashuka.

"He!" Hanifa akabaki na mkono wake hewani.

Akafunga tena vile vile, na tena. Agripina akahama, akaja kumganda. "Kumbe mwizi wewe," akamnong'oneza. Tangu hapo kila Selina akiingia alikutana na kiwiko. Mwili ukamuuma, mipira ikakataa, wageni wakapita mbele. Kando ya uwanja Mwanabaraka alikuwa amevua koti, ananyoosha miguu. Kocha alimtazama Mwanabaraka, akamtazama Selina, akajikuna kidevu.

Zikabaki sekunde chache, kina Selina wako nyuma kwa pointi moja. Selina akaingia kwa mara ya mwisho, Agripina akamkata mkono, wote wawili wakabwagana vumbini. Faulo. Mitupo huru miwili.

Alisimama mstarini. Upepo ulikuwa unapiga kutoka kushoto. Mwamuzi akampa mpira, akaanza kuhesabu kwa mkono. Sekunde tano zikiisha, mtupo umepotea.

Selina hakutupa. Alikuwa anatazama ushungi kule kwenye mawe, unavyopepea.

"Tupa, shoga!" Hanifa alishindwa kuvumilia. "Unangoja posa?"

Mkono wa mwamuzi ukazidi kwenda. Watu wakaguna. Kocha akashika kichwa. Ndipo ushungi ukaanguka mabegani, wote kwa pamoja. Selina akatupa. Mpira ukapita katikati ya pete bila kuigusa.

Sare. Uwanja ukalipuka.

Wa pili. Alingoja. Ushungi ulikuwa umeinuka tena, na safari hii haukushuka. Mwamuzi akahesabu. Upepo hauna habari na jezi ya mtu. Mkono wa mwamuzi ulipokaribia mwisho ilimbidi atupe, akaelekeza kushoto kidogo, na mpira ulipomtoka tu akajua haumo.

Mwaka jana angesimama autazame unavyokosa, mikono mdomoni. Sasa miguu yake ilikuwa inangoja mlio wa chuma. Mpira ukagonga pete. Agripina akaruka mbele ya kikapu, akashika hewa. Mpira ulikuwa umekwenda kulia, upande wa makapi, na Selina alikuwa njiani tayari. Akaudaka kabla haujatoka nje, akageuka, akaugongesha ubaoni.

Ukashuka. Filimbi ya mwisho ikalia mpira ukiwa bado unadunda chini.

Wenzake walipomwachia, amekumbatiwa mpaka pumzi hana, Kocha Calist alikuwa anamngoja na chupa ya maji. Alijaribu kununa, ikamshinda.

"Ule wa pili uliukosa vibaya."

"Niliukosa, kocha."

"Sasa ulijuaje utaangukia kule?"

Selina akanywa maji kwanza. "Nyumbani kule kuna miiba."

Kocha akamkodolea macho, akatikisa kichwa. "Dodoma basi linaondoka alfajiri. Usichelewe."

Nyuma yake Mwanabaraka alikuwa anavaa koti lake polepole. "Haya, dada. Na hiyo jezi?"

Selina akaivuta, imemganda mgongoni kwa jasho na vumbi.

"Lete sabuni tu," akasema. "Nitafua mwenyewe."